Kwa Aina na kwa Idadi

Jumapili ya 31 ya Mwaka C
Masomo: Hek 11:22–12:2, 2 Thes 1:11–2:2, Lk 19:1–10



Injili ya Jumapili ya leo yatupeleka Yeriko, nyumbani kwa mtu wa hesabu. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, mfupi wa kimo, naye alipanda juu ya mkuyu ili apate kumwona Yesu akipita. Hayo twayakumbuka tangu utoto wetu, maana makatekista wetu walitusimulia mara nyingi, na habari ya mtu mzima aliye juu ya mti humfurahisha kila mtoto. Lakini lipo jambo moja katika Injili hiyo ambalo twalipita upesi. Zakayo anaposimama mbele ya Bwana, haishii kusema kwamba yeye ni mkosefu. Anataja hesabu. Nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Nusu, na mara nne. Huyu ni mtu aliyejua vitabu vyake vimeandikwa nini.

Leo twapenda kulitafakari jambo hilo, na tutaomba msaada mahali ambapo pengine hamkutazamia, yaani katika namba moja kubwa. Msishangae. Kitabu cha Hekima, ambamo limetolewa somo la kwanza la leo, chatufundisha, mistari michache kabla ya pale lilipoanzia somo letu, kwamba Mungu aliviweka vitu vyote kwa kipimo, kwa hesabu na kwa uzani. Basi hesabu nazo ni za Mungu, wala hakuna dhambi kujifunza kwazo.

Namba yenyewe ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Aliye na kalamu na aiandike, maana tutairudia.

Yapatikanaje? Weka punje moja ya mahindi mkekani. Kisha ongeza mara mbili: punje mbili, nne, nane, kumi na sita. Ukifanya hivyo mara 10, unazo punje 1,024. Ukifanya mara 20, umepita milioni moja. Mara 30, umepita bilioni moja. Endelea hivyo hivyo hadi mara ya 67, kisha ondoa punje moja tu. Zilizobaki ndizo namba yetu: ni kama bilioni 147 zilizohesabiwa mara bilioni moja. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimefurika hata ghala zote za dunia haziwezi kukipokea.

Sasa, watoto wa shule ya msingi hufundishwa juu ya namba tasa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kumi na mbili si tasa, kwa kuwa tatu mara nne ni kumi na mbili. Kumi na tatu ni tasa. Ijaribu utakavyo, haigawanyiki. Namba zipatikanazo kwa kuzidisha punje kwa mbili na kuondoa moja, mara nyingine huwa tasa: 3, 7, 31 na 127 ni za namna hiyo. Lakini zipo zinazodanganya macho. Ukiongeza mara mbili mara 11 na kuondoa moja, wapata 2,047. Ukiitazama hivi hivi, waweza kuiona kuwa tasa. Kumbe ni 23 mara 89.

Aliyejishughulisha sana na namba hizo alikuwa padre. Jina lake Marin Mersenne, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1588 na kufariki mwaka 1648. Alikuwa mtawa wa Shirika la Waminimi, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Na jina hilo maana yake ni wadogo kabisa, walio wa mwisho. Watawa hao walijifunga kwa nadhiri wasile nyama mwaka mzima, kana kwamba maisha yao yote ni Kwaresima. Katika chumba chake cha kitawa huko Paris, Padre Mersenne aliandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya wa zama zake, miongoni mwao Descartes na Fermat, akipeleka swali la huyu kwa yule na jibu la yule kwa huyu. Wakati ule hapakuwa na majarida ya sayansi kama ya leo, na kwa namna fulani yeye ndiye aliyekuwa jarida.

Mwaka 1644 Padre Mersenne alitoa kitabu ambamo alitaja ni lini namba za namna hiyo huwa tasa, kuanzia ndogo hadi ile ya kuongeza mara mbili mara 257. Katika orodha yake aliiweka namba yetu, ile ya 67. Alisema ni tasa. Alijuaje? Hakutoa uthibitisho. Tena yeye mwenyewe alikiri kwamba kupima namba ya tarakimu 15 au 20 ili kujua kama ni tasa ni kazi ambayo muda wote wa dunia usingeitosha. Basi alisema kwa kukisia, lakini kwa jina kubwa; na neno la mtu mwenye jina hudumu.

Neno hilo lilidumu miaka 232. Mnamo 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alibuni njia ya kupima namba hizo. Kipimo chake kilionyesha kwamba namba yetu si tasa. Padre alikosea. Lakini, wapendwa, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Kipimo cha Lucas kilisema tu kwamba namba hii yagawanyika. Hakikusema yagawanyika kwa nini. Kilithibitisha kwamba ndani yake mna vigawo, lakini hakikutaja hata kimoja. Kwa muda wa miaka 27 ulimwengu ulijua kwa hakika kwamba neno la Mersenne lina kosa, wala hapakuwa na mtu awezaye kusema: kosa ni hili hapa.

Aliyelisema alikuwa Frank Nelson Cole, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Marekani. Tarehe 31 Oktoba 1903, siku ya Jumamosi, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, wanahisabati wa nchi ile walikutanika, na Cole alikuwa mmoja wa wasemaji. Mwanahisabati Eric Temple Bell amesimulia kwamba Cole, mtu wa maneno machache, aliuendea ubao bila kusema kitu. Upande mmoja alikokotoa kwa chaki ile namba ya kuongeza mara mbili mara 67, akaondoa moja. Kisha akahamia upande wa pili, akaandika namba mbili, 193,707,721 na 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono, safu baada ya safu. Jibu la upande wa pili likawa sawasawa na la upande wa kwanza, tarakimu kwa tarakimu. Cole akaweka chaki chini, akarudi kuketi pasipo kutamka neno. Wasikilizaji wakampigia makofi, wala hakuulizwa swali.

Bell asimulia pia kwamba miaka michache baadaye alimuuliza Cole kazi ile ilimchukua muda gani. Jibu lilikuwa kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Asichukue mtu maneno hayo kuwa ruhusa ya kukosa Misa! Lakini tuwazie ukubwa wa kazi. Fermat, katika barua aliyomwandikia Mersenne mwaka 1640, alikwisha onyesha kwamba kigawo chochote cha namba kama hii lazima kiwe cha namna maalumu. Kwa namba yetu, kila kigawo huzidi kwa moja namba igawanyikayo kwa 134. Hiyo yapunguza kazi sana. Hata hivyo, kile kigawo kidogo alichokipata Cole ni 134 mara 1,445,580, ukiongeza moja. Mtu ambaye angezijaribu namba hizo moja moja, moja kwa kila dakika, saa nane kwa siku, bila njia nyingine ya kujirahisishia, angehitaji zaidi ya siku 3,000. Cole alizijua njia za kupunguza majaribio, lakini hata kwa njia hizo ilimbidi kuketi na karatasi zake Jumapili hata Jumapili, pasipo kuonwa na mtu.

Na tazameni ajabu hii. Kuvipata vigawo kulikuwa kazi ya miaka, bali kuvihakiki ni kazi ya saa moja. Mtoto wa darasa la saba mwenye karatasi na subira aweza kuzidisha na kuona kwamba jibu ni kweli. Hata wewe unayesikiliza sasa, tazama tarakimu ya mwisho tu: ya kwanza yaishia na moja, ya pili na saba, moja mara saba ni saba, na namba yetu yaishia na saba. Kosa linapokuwa halijatajwa, hubaki mikononi mwa wataalamu na minong’ono. Likisha kutajwa, kila mtu aweza kulishika, kulipima, na kuendelea na safari.

Wapendwa wasikilizaji, sisi nasi tuna namna mbili za kukiri.

Namna ya kwanza ni ile ya kipimo cha Lucas. Twajua kwa hakika kwamba ndani yetu hamna usafi. Twasema: mimi ni mkosefu, sisi sote ni binadamu, hakuna aliye mkamilifu. Maneno hayo ni ya kweli, na ni mema. Kanisa lenyewe latutaka mwanzoni mwa Misa tujikiri kuwa wakosefu, wote pamoja na kwa sauti. Lakini kukiri kwa jumla kwaweza kuwa maficho. Mtu aweza kusema kwa miaka ishirini kwamba yeye ni mkosefu, na katika miaka hiyo asimrudishie jirani yake hata shilingi moja. Aweza kujipiga kifua, na mkewe asisikie kamwe neno la kuombwa radhi kwa lile pigo la siku ile. Kosa lisilo na jina halimdai mtu kitu.

Namna ya pili ni ile ya Cole, nayo ndiyo ya Zakayo. Ni kuketi na nafsi, kutafuta kwa uvumilivu, na kutaja: ni hili na hili. Ndiyo maana Kanisa, katika Sakramenti ya Kitubio, latudai kuziungama dhambi za mauti kwa aina na kwa idadi, kadiri tunavyozikumbuka baada ya kujichunguza kwa bidii. Ndivyo Mtaguso wa Trento ulivyofundisha mwaka 1551, na ndivyo inavyoelekeza Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 988. Makatekista wajua jinsi watoto wa Komunyo ya kwanza wanavyouliza: Mwalimu, kwa nini Mungu ataka hesabu, naye ajua yote? Jibu letu ni kwamba Mungu hahitaji hesabu hiyo. Tunaoihitaji ni sisi. Aliyesema kwamba amekosa bado anaweza kujificha nyuma ya neno lake mwenyewe. Bali aliyesema kwamba ameiba debe tatu za kahawa za ndugu yake hana tena pa kujificha, na hapo ndipo aanzapo kuponywa. Mficha uchi hazai.

Tuwasimulie jambo moja. Hatuvunji siri ya kitubio, kwa maana mwenyewe aliyasema mbele ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikabidhiwa kigango kimoja cha milimani, mahali palimwapo kahawa. Waumini walikuwa wakijenga kanisa lao. Kila mwisho wa mwaka daftari la mapato na matumizi lilisomwa, na kila mwaka hesabu hazikukubaliana. Halmashauri ya kigango ilikaa, ikasema: pana upungufu, labda ni makosa ya kibinadamu, tusameheane, tusonge mbele. Tukasali, tukafunga kikao. Lakini hatukusonga mbele. Michango ilipungua. Jumuiya mbili ziliacha kabisa kutoa. Kina mama waliacha kuwasalimu kina mama wengine kisimani. Kila mtu alijua kwamba hesabu ina kasoro, na kwa kuwa kasoro haikuwa na jina, kila mtu aliipa jina la yule asiyempenda.

Mzee aliyekuwa mtunza hazina alitujia siku moja baada ya Misa, akasema, “Padre, naomba ruhusa niseme na wanajumuiya.” Tukamwambia kwamba kikao kijacho kipo mwezi ujao. Akasema, “Hapana, Padre. Leo.” Watu walipokwisha kuketi tena, alifungua karatasi, akasoma. Bati tisa za kanisa aliziuza, shilingi 45,000. Mifuko sita ya saruji aliichukua kwa nyumba ya mwanawe, shilingi 33,000. Katika sadaka ya mavuno alitoa shilingi 22,400 kulipia deni. Jumla shilingi 100,400. Akaikunja karatasi, akabaki amesimama. Kanisa lilikuwa kimya, na sisi tuliokuwa mbele tulitafuta neno la kusema tukalikosa.

Na hapa, ndugu zangu, yatupasa kutaja la kwetu. Daftari lile lilikuwa na sahihi tatu kila mwaka, na mojawapo ilikuwa yetu. Tulitia sahihi mara mbili bila kusoma. Mzee alikuwa mtu wa heshima, sisi tulikuwa na haraka ya kwenda kigango kingine, na daftari lilikuwa nene. Waumini waliona sahihi ya padre wakatulia, kama watu walivyotulia kwa neno la Padre Mersenne. Siku ile mzee alipomaliza, tulisimama tukasema: mara mbili, na miaka ni hii na hii. Haikuwa rahisi kwetu kuitamka hesabu hiyo ndogo. Lakini mama mmoja mzee aliinuka, akasema, “Sasa tumejua. Tugawe kazi.” Wakakubaliana namna ya kulipa. Mzee alilipa kidogo kidogo kwa misimu miwili ya kahawa, na jumuiya zile mbili zilirudi kutoa kabla deni halijaisha. Kanisa liliezekwa.

Hatusemi kwamba jambo hili daima huisha vizuri namna hiyo. Yupo atajaye kosa lake akakataliwa. Yupo alipaye na bado akanyoshewa kidole. Wala hatusemi kila dhambi isomwe mbele ya kusanyiko. Mahali pa kuzitaja ni kwa padre katika kitubio, na kwa yule tuliyemdhulumu. Twasema tu kwamba mlango wa kutokea umo katika kutaja.

Lakini tujihadhari tusiangukie upande wa pili. Wapo watu wema wanaoteswa na hesabu. Huungama leo, kesho wakarudi wakisema walisahau moja. Hulala usiku wakihesabu. Humwona Mungu kama mkaguzi wa vitabu aliyeketi na kalamu nyekundu. Kwa ndugu hao twasema: sikilizeni somo la kwanza la leo. Mwenye hekima asema kwamba mbele za Mungu ulimwengu wote ni kama chembe katika mizani, kama tone la umande wa asubuhi. Na huyo aliye mkuu hivyo huwahurumia wote, havichukii alivyoviumba, na wanaoanguka huwarudi kidogo kidogo. Iliyosahauliwa kwa unyofu imesamehewa pamoja na zile zilizotajwa. Mkiikumbuka baadaye nayo ni ya mauti, mtaitaja siku ya kuungama, bila hofu. Hakuna namba itakayomshinda Mungu. Namba yetu ya tarakimu 21 kwake ni punje moja.

Tena tazameni mpangilio wa mambo katika Injili. Yesu hakumwambia Zakayo alete kwanza daftari, ndipo aingie kwake. Alimwita kwa jina angali juu ya mti. Alijialika nyumbani mwake watu wakinung’unika. Ni baada ya kupokewa ndipo Zakayo aliposimama na kutaja hesabu zake. Neema ilitangulia, hesabu ikafuata. Zakayo hakuhesabu ili apendwe. Alihesabu kwa kuwa alipendwa, na aliyependwa haogopi tena kufungua vitabu. Na alivifungua kwa ukarimu. Torati, katika Kitabu cha Hesabu, ilimtaka aliyekiri udhalimu wake arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Yeye aliahidi mara nne, kipimo ambacho katika Kitabu cha Kutoka ni cha mtu aliyeiba kondoo na kumchinja au kumwuza.

Tuseme neno la mwisho juu ya Padre Mersenne, tusije tukamwacha katika aibu. Wataalamu walipomaliza kuihakiki orodha yake, wakakuta makosa matano. Alitia ndani namba mbili ambazo si tasa, ile ya 67 na ile ya 257. Na aliacha nje tatu ambazo ni tasa, yaani ya 61, ya 89 na ya 107. Ile ya 61 ilithibitishwa mwaka 1883 na padre mwingine, Ivan Pervushin wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, ambaye alihudumu vijijini mbali na vyuo vikuu. Wachungaji na makatekista wa vijijini mnaotusikiliza, jipeni moyo. Makosa matano, basi. Lakini hadi leo namba zote za namna hiyo zaitwa namba za Mersenne. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana hadi siku hiyo, yenye tarakimu 41,024,320, nayo yaitwa kwa jina la mtawa yule. Kosa lake lilipotajwa waziwazi, halikulifuta jina lake. Lililokuwa la kweli katika kazi yake lilibaki, na likazaa.

Ndivyo ilivyo kwa Mungu. Twaogopa kwamba tukizitaja dhambi zetu moja moja, hakitabaki kitu cha kuitwa sisi. Kumbe kinyume chake ni kweli. Siku ile Yeriko, watu waliokuwa wakinung’unika walimwita Zakayo mwenye dhambi, kwa jumla. Bwana, baada ya kuzisikia hesabu zake, alimwita mwana wa Abrahamu.

Basi juma hili twawapa kazi moja, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza. Twae karatasi, au kama hatuandiki, twae punje za maharage. Tusijiulize kama sisi ni wakosefu. Hilo twalijua tayari. Tujiulize: ni nani, ni nini, ni mara ngapi? Ni deni gani lisilolipwa, na ni kiasi gani? Ni neno gani tulilomsingizia jirani, na lilisemwa mbele ya watu wangapi? Ni sahihi gani tuliyotia bila kusoma? Pengine jibu halitakuja Jumapili moja. Cole alihitaji Jumapili za miaka mitatu kwa namba moja tu, na moyo wa mtu una kina kuliko namba. Tusichoke. Na tukisha kulipata, twende tukalitaje, kwa padre na kwa tuliyemkosea, kwa maneno machache, kama mtu aandikaye ubaoni kisha akarudi kuketi.

Ee Mungu, uliyeviweka vyote kwa hesabu, tufundishe kuzihesabu siku zetu na makosa yetu bila uongo na bila woga. Tuite kwa jina tungali juu ya miti yetu, uingie nyumbani mwetu, utupe ujasiri wa kuvifungua vitabu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.